Daftari la Mwezini, Tandika 2019

Alhamisi, 13 Juni 2019

Redio ya fundi viatu ilikuwa juu jioni nzima kwa ajili ya bajeti. Nilikuwa napiga pindo za sketi za shule niliposikia Waziri wa Fedha, Dk. Mpango, akiliambia Bunge kwamba msamaha wa VAT kwenye taulo za kike uliotolewa mwaka jana unafutwa, kwa kuwa bei kwa mnunuzi haikushuka. Ni kweli haikushuka. Pakti ninayonunua ilikuwa 2,500 kabla ya msamaha na imekaa hapohapo mwaka mzima. Asilimia 18 ikirudi Julai, sijui kama itakubali kukaa tena.

Mimi namaliza pakti tatu kwa mwezi. Binti yangu mkubwa, yuko darasa la saba, alivunja ungo Februari, naye ana pakti yake. Hiyo ni 10,000 kila mwezi, na kodi ya chumba chetu ni 50,000.

Halafu kuna hili la rambo. Tangu tarehe 1 mifuko ya plastiki ni marufuku nchi nzima. Mimi naunga mkono kabisa, maana mtaro wa mbele ya nyumba ulikuwa umezibwa na rambo tupu, na kila masika maji yanatuingilia chumbani. Ila leo ndiyo nimejua rambo nyeusi ilikuwa inanibebea nini. Muuza duka alikuwa anaizungushia pakti gazeti, anaitia kwenye rambo nyeusi, hata sijamwomba. Nyumbani pedi iliyotumika inarudi mlemle, inapigwa mafundo mawili, inangoja gari la taka. Leo kanipa pakti mkononi, mbele ya vijana wa bodaboda. Nikaitia chini ya kanga nikaondoka mbio mbio kama mwizi. Nina miaka 34 na watoto wawili.

Rambo hakuna, basi watu watarudi kutupa chooni. Mwaka jana shimo letu lilijaa kabla ya wakati wake. Gari la kunyonya lilipokuja, mpira uliziba mara mbili, na wale vijana wakawa wanazitoa pedi kwa ndoano, moja moja, wapangaji wote tumesimama uani. Mama mwenye nyumba alitukusanya wanawake wote jioni ile akatuuliza nani. Kila mmoja alitazama chini. Zangu zilikuwemo. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Jumapili, 16 Juni

Shoga yangu muuguzi alikuja kuchukua gauni lake la harusi ya Jumamosi. Nikamweleza habari ya duka. Akatoa kwenye pochi kifuko cha kitambaa, ndani yake kikombe cha hedhi. Ana miaka miwili anakitumia na siku zote hizo hajaniambia, na mimi ndiye ninayempima kiuno!

Kina umbo la kengele ndogo yenye kimkia. Ni silikoni ya hospitali, laini kama chuchu ya chupa ya mtoto. Hakinyonyi damu kama pamba, kinaikinga tu. Unakikunja, unakiingiza, kinafunguka ndani na kushika kuta. Kikijaa unakitoa, unamwaga, unasuuza, unakirudisha. Kisipite saa 12 ndani. Kikitunzwa kinaweza kufika miaka 10.

Nikamuuliza lililokuwa moyoni: je, kikipanda kikapotelea tumboni?

"Shoga, huko juu kuna mlango wa kizazi. Tundu lake dogo, linapitisha damu tu. Kikombe kitapita wapi?"

Naye akaniuliza kama nimewekewa kitanzi. Sina. Anasema mwenye kitanzi amwone kwanza aliyemwekea, kwa sababu kikombe kinavuta, na kikitolewa ovyo kinaweza kushuka na kitanzi.

Nilidhani ni kitu cha juzi. Kumbe Mmarekani mmoja, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe kama hiki mwaka 1937. Huo ndio mwaka ambao Bibi wa Kisarawe anakadiria kuwa kazaliwa.

Bei ni 35,000. Jumapili ijayo ni zamu yangu kupokea mchezo.

Jumatano, 26 Juni

Siku zimeanza saa nane mchana. Kikombe ninacho tangu juzi, kimeshachemshwa. Nimechukua saizi kubwa kwa kuwa nimezaa, inabeba ml 30.

Baada ya magharibi nikaingia chooni na ndoo yangu, sabuni, kopo na tochi ya simu. Nikanawa mikono hadi viwiko. Nikachuchumaa. Nikakikunja kama herufi C alivyonionyesha, kikanifyatuka kabla ya kuingia. Mara ya pili kikafyatuka na kuangukia kwenye sakafu, nikakiosha upya. Mara ya tatu niliumia nikaacha. Jirani akagonga mlango, nikasema nina tumbo.

Usiku, wote wamelala, nikarudi. Nikakumbuka mkunga alivyoniambia leba: legeza taya, na chini patalegea. Nikalegeza taya. Kikaingia. Nikasikia kinafunguka, kama mtu anayekunjua ngumi. Nikapitisha kidole kukizunguka, hakuna mkunjo. Nimevaa na pedi juu yake, siamini bado.

Sijawahi kujigusa kule ila kwa kutawadha na kuoga. Nimezaa wawili na sikujua mlango wa kizazi unahisije. Ni kama ncha ya pua.

Alhamisi, 27 Juni

Saa kumi alfajiri nilikwenda kukitoa kikagoma. Nilivuta kimkia, kikazidi kung'ang'ania, na mimi nikazidi kukaza. Jasho lilinitoka. Nilijiona naingia zahanati mbele ya vijana wa kiume wa mapokezi, nawaeleza. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasoma dua, nikapumua. Kisha nikakumbuka: usivute kimkia, sukuma kama unajifungua, kishuke; ukikifikia, kibane kitako hewa iingie. Nikasukuma, nikabana, hewa ikaingia na kikaachia. Kilitoka kimeinama, nusu ikamwagika mguuni.

Nusu iliyobaki niliimulika na simu. Nyekundu safi, na vipande vyeusi viwili kama ini. Haikuwa na harufu. Miaka 21 nimeamini damu yangu inanuka, nimejipaka mafuta, nimejitenga na watu kwenye daladala. Kumbe ninayoijua ni harufu ya damu iliyokaa kwenye pedi saa sita na jasho langu.

Kopo la maji liko chooni siku zote katika nyumba zetu, na hilo limenirahisishia zaidi kuliko nilivyotegemea. Namwaga, nasuuza, narudisha, namalizia na maji ya kopo. Hakuna kinachobaki cha kuficha.

Jumamosi, 29 Juni

Suti tatu za harusi, cherehani tangu saa mbili asubuhi. Sikujifunga kanga ya pili. Sikumwomba mtu yeyote anitazame nyuma.

Saa saba ilivuja kidogo. Nilikwenda kutazama nikidhani nimekiweka vibaya, nikakuta kimejaa pomoni. Kwa saa tano! Shoga yangu anasema chake hakijai kutwa. Nimeandika hapa nisisahau kumuuliza.

Jumanne, 2 Julai

Nimeoga josho asubuhi. Nilijiuliza kama kikombe kitanichanganya katika kujua mwisho wa siku. Hakikunichanganya: damu kukaa ndani ya kikombe hakumaanishi kwamba imekatika, kwa hiyo siku ya mwisho nilikitoa kabisa nikangoja, nikatazama kama nilivyofundishwa. Nina siku saba za Ramadhani za kulipa, nitaanza Alhamisi.

Kuchemsha ndiyo kazi. Jiko la mkaa liko uani, macho yote yako uani. Nimetenga kopo la maziwa ya unga, nalijaza maji yakifunike kikombe chote, dakika tano tangu maji yachemke. Jirani wa chumba cha mwisho akauliza ninachemsha nini. Nikataka kusema dawa. Nikasema, "Kikombe changu cha mwezini." Akaketi. Tulikaa pale mpaka mkaa ukawa majivu. Ana watoto wanne, mpaka leo anatumia vipande vya godoro, kwa sababu pedi ni za binti zake. Hajapata kulisema. Tunaishi ukuta kwa ukuta mwaka wa sita huu.

Jumapili, 21 Julai

Shoga kapita na simu yake. Jumanne iliyopita jarida la Lancet Public Health limetoa mapitio ya tafiti 43 kuhusu kikombe, wanawake na wasichana zaidi ya 3,300. Kuvuja ni sawa na pedi au chini yake, na karibu asilimia 70 ya waliojizoeza walitaka kuendelea. Wanasema kukizoea kunachukua miezi kadhaa. Zimo tafiti za magharibi ya Kenya, za wanafunzi wa kike.

Nikamwambia ya kujaa kwa saa tano. Hakujibu haraka. Alinivuta ukope wa chini akautazama, kisha akatazama kucha zangu. "Mwezi huu pima," akasema. "Kikombe kina vistari. Andika kila unapomwaga."

Jumapili, 28 Julai

Siku ya kwanza (Jumatano): 20, 15.
Siku ya pili: 30, 30, 25.
Siku ya tatu: 30, 20, 10.
Siku ya nne: 10, 5.
Leo: matone.

Jumla ml 195. Shoga anasema kwa kawaida mwanamke anatoka kama ml 30 hadi 80 kwa siku zote, na ikipita 80 inahesabiwa ni nyingi. Nimejumlisha mara tatu.

Siku zote nikiulizwa hospitali "damu inatoka nyingi?", najibu "ya kawaida". Ningejua wapi? Ya mwenzangu sijaiona, na yangu nilikuwa naifunga kwenye rambo kabla sijaitazama.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefunga cherehani nusu siku nikaenda kupima. Daktari, binti mdogo tu, aliuliza swali lilelile. Nikafungua daftari hili nikamsomea. Aliacha kuandika, akaniomba aione karatasi mwenyewe.

Damu yangu ni 8.9. Mwanamke asiye mjamzito inatakiwa 12 kwenda juu. Kuchoka kote, moyo kwenda mbio nikipandisha ndoo barazani, hamu ya kutafuna barafu ambayo mume wangu anaisema kila siku, mimi nilikuwa naviita cherehani na umri. Nimepigwa picha ya tumbo: uvimbe mmoja kwenye kizazi, fibroidi, si mkubwa. Vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu, visinywewe na chai. Nirudi Septemba.

Nimelia kwenye daladala kutoka pale hadi Tandika, na sikuficha uso.

Jumatano, 14 Agosti

Bibi yuko kwetu tangu Idi. Leo amekikuta kikombe dirishani, akakigeuzageuza kwenye kiganja. Alikuwa kungwi wa kijiji kizima zamani zake, hashtuki upesi.

"Hiki kinaingia, mjukuu wangu?"

"Kinaingia, bibi."

"Na mwali naye?" Alikuwa anamtazama binti yangu aliyekuwa anaosha vyombo. Nikamwambia hapana, huyu nitamshonea vya kitambaa. Kikombe atakichagua mwenyewe akikua. Akashusha pumzi.

Ndipo akasimulia. Sodo zao zilikatwa kwenye kaniki kuukuu, zikafungwa kwa mkanda kiunoni. Zilifuliwa usiku, zikaanikwa ndani chini ya nguo nyingine, jua halikuziona. Zikichakaa zilizikwa. Mke akiingia mwezini hakusema neno. Alivaa shanga nyekundu, mume akazikuta akajua. Kufundisha yote hayo ilikuwa kazi ya Bibi, na aliyefichua alitozwa kuku.

Nikamsomea hesabu yangu ya Julai. Mililita hazikumwambia kitu. Nikamweleza: ni kama kikombe hiki kujazwa mara sita na nusu. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama yako mzazi hakukuhesabia sodo?"

Nikamuuliza kuhesabu vipi. Akasema mwali mwaka wake wa kwanza hafui mwenyewe. Anafua mama yake au somo yake, na anahesabu: tatu kwa siku ni kiasi, tano anatazamwa, saba anapikiwa maini na mchicha na mkubwa mwingine anaitwa. Hakuna aliyeziona isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alijua kila tone.

Mama alininunulia pedi, akanifundisha mafundo mawili ya rambo. Alikuwa ananipa kilicho bora kuliko alichopewa yeye, na pesa yake ilikuwa ya kuuza vitumbua. Simlaumu. Lakini baada ya hapo hakuna aliyehesabu.

Alhamisi, 22 Agosti

Mzunguko wa tatu. Sivai tena pedi juu yake. Jirani wa chumba cha mwisho amelipa nusu ya chake.

Jumamosi, 7 Septemba

Damu 10.4. Daktari amefurahi, vidonge viendelee, uvimbe tutaufuatilia.

Wiki ijayo ni mtihani wa darasa la saba, na siku za binti zimemwingia juzi. Nilimshonea nane: flaneli tabaka mbili, katikati taulo kuukuu, chini kitambaa cha mwavuli, mabawa na vifungo vya kubana. Za kwanza mbili zilihama alipokimbia, nikapanua mabawa.

Jana alizifua mwenyewe, maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Akaja na mikono imelowa. "Mama, jana tatu, leo nne." Nikaandika hapa, ukurasa wake.

Asubuhi hii amezianika kwenye kamba ya uani kati ya sare zake na kanzu ya baba yake. Nilikuwa nataka kumwambia atupie kanga juu. Mama mwenye nyumba akapita na ndoo, akasimama, akazitazama zote saba. Kisha akasogeza kanzu pembeni zipate jua.