Waridi la Jangwa Latia Timu Tunduma

Msomaji wangu, waridi la jangwa kwao ni mawe na ukame. Kijiti kifupi, shina limevimba kama kiazi maana ndilo tangi lake la maji. Kiangazi majani yanapukutika, halafu maua ya pinki kibao! Kule Ziwa Eyasi Wahadzabe huchemsha utomvu wake wakapaka mishale. Sumu hiyo, siyo mchezo.

Sasa nimelikuta Tunduma, mji wa malori ya Zambia, kwenye kopo la rangi, barazani kwa gesti moja. Mwenyewe analimwagilia kutwa mara mbili! Nikamwambia, "Mama, punguza maji. Baridi ya Juni ikiingia, shina litaoza." Akacheka. Nilipotaja mishale, akamvuta mjukuu wake aliyekuwa anachuma maua, akamnawisha mikono.