Tatu bila

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi zilikuwa za test mfululizo, na huku Kibaoni mtandao nao una siku zake, si mnajua tena. Sasa juzi usiku bwenini kulizuka ubishi ambao umenikalia kichwani mpaka leo, nikaona bora niandike kabla bumu halijakata nikakosa hata la bando.

Ubishi ulianzia kwenye AFCON 2027, ile ambayo sisi, Kenya na Uganda tulipewa kwa pamoja mwaka 2023. Wakabishana weee, mwisho mmoja akauliza: mechi gani ya Tanzania ilikuuma kuliko zote? Watu wakataja za Taifa Stars, kila mtu na yake. Mimi nikasema Serengeti Boys na Uganda, Aprili 17, 2019. Chumba kizima kikacheka. "Mechi ya watoto?" Nikacheka nao, yakaisha. Sababu sikuwaambia. Nawaambia nyie.

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha kwanza pale Mpanda mjini. Anayekumbuka mwaka ule anajua nchi ilikuwa imelewa mpira. Machi 24 Taifa Stars ilimpiga Uganda tatu bila Dar, tukarudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Uganda alikuwa ameshafuzu, lakini nani anajali? Ilikuwa Uganda! Wazee walianza kusimulia vita ya Kagera kama vile Msuva alikuwa amefunga kwa kifaru. Yaani mtaani ukitaja Uganda unajibiwa kwa vidole vitatu.

Haikupita hata wiki nne, Dar hiyohiyo ikaandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17. Kundi letu: Nigeria, Angola na Uganda. Timu nne zinazofika nusu fainali zinakwenda Kombe la Dunia Brazil. Kwa hesabu zetu za kibandani, Nigeria tunambana, Angola tunamfunga, Uganda yule ni wa vidole vitatu tu.

Nilikuwa na rafiki yangu tukimwita Kipa, kwa sababu ndiye aliyedaka timu ya darasa letu na baadaye ya shule. Kwao ni Katumba. Kwa msiofahamu Katavi, Katumba na Mishamo ni makazi waliyopewa Warundi waliokimbia, kuanzia wale wa mauaji ya 1972. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale, pamoja na Ulyankulu kule Tabora, walikubaliwa uraia wa Tanzania, na kuanzia 2014 wakaanza kugawiwa vyeti. Babu yake Kipa alikuja na mguu wake. Baba yake alizaliwa Katumba. Kipa mwenyewe alizaliwa Katumba, na mjini alikuwa anakaa kwa shangazi yake Makanyagio ili asome.

Kipa alikuwa anaijua Serengeti Boys kuliko anavyojua hesabu za logarithimu. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba mwaka 2005 tulifuzu kwenda Gambia tukaondolewa kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri, halafu safari ya Gabon 2017 tukaipata kwa njia hiyohiyo kinyume chake: Kongo-Brazzaville walitutoa uwanjani, wakaenguliwa wao kwa kesi ya umri, tukaingia sisi. Kule Gabon tukatoka sare na Mali, tukamfunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0. Sisi na Niger tukalingana pointi nne, wakapita wao kwa sababu walitufunga sisi. Haya yote kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na nne! Na alikuwa anajua kwamba mchezaji wa umri ule anapigwa picha ya kifundo cha mkono kwenye mashine ya MRI ili waone mifupa kama imeshafunga. Alikuwa akiniuliza, eti ukidaka sana mifupa inawahi kufunga? Sasa mimi ningejuaje.

Basi bwana, Jumapili ya Matawi, Aprili 14, tukaenda kibanda umiza cha mzee mmoja pale mtaani. Kiingilio mia tatu. Tumebanana kwenye mabenchi mpaka jasho la mwenzio unalihesabu kama lako. Nigeria ile mechi iliisha 5-4. Magoli tisa! Tulifungwa, lakini watu walitoka wanaimba, maana kumfunga Nigeria mara nne si kazi ndogo. Jamaa mmoja mtu mzima, fundi baiskeli, ambaye hakukosa mechi hata moja, kila tukifunga alikuwa anambeba Kipa juu juu kama mwanawe. Goli la nne karibu wagonge bati.

Jumatano ndiyo ikaja Uganda. Banda lilifurika mpaka nje, watoto wanachungulia kwenye matundu ya mabati, mwenye banda anapiga kelele "wanangu, lipeni kwanza ndiyo mchungulie!" Vidole vitatu vilishanyanyuliwa kabla mpira haujaanza.

Tukapigwa tatu bila. Ileile. Kama vile mtu amerudisha chenji.

Sitaki kuwachosha na magoli yenyewe. La tatu lilipoingia banda lilikuwa kimya, Kipa akaanza kulia. Kulia kweli, mabega yanatikisika. Fundi baiskeli alikuwa amekaa benchi la nyuma yetu. Akasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "We Mrundi unalia nini? Kwani hii timu ya kwenu?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wengi, ule ucheshi wa watu waliofungwa wanatafuta pa kupumulia. Na mimi nikacheka. Siyo sana, nilitoa kile kicheko cha puani, lakini mkono wangu ulikuwa unagusana na wake, alikisikia.

Tulirudi bila kusema neno. Karibu na kwa shangazi yake akasimama akasema, "Babu ana cheti." Nikauliza cheti gani, kama vile sijui. "Cha uraia. Kipo kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya bibi." Halafu akaingia ndani. Kesho yake shuleni akanisalimia kama kawaida, tukagawana maandazi, na habari ile haikuzungumzwa tena. Aprili 20 tukafungwa na Angola 4-2, mimi na yeye hatukwenda bandani, alisema anafua. Uganda wenyewe waliishia kundini vilevile, Brazil hawakuiona. Ila lile swali la mifupa hakuniuliza tena.

Sasa sogea mpaka Oktoba 2022. Sisi kidato cha nne, mtihani wa taifa umebaki mwezi mmoja, na Serengeti Girls wako India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Timu ya kwanza ya Tanzania ya umri wowote kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Tena hawakuletewa na kesi ya umri ya mtu, walimng'oa Cameroon: 4-1 kwao Cameroon, 1-0 Zanzibar. Kocha ni Bakari Shime, yuleyule aliyekuwa na vijana Gabon.

Mngedhani nchi imesimama? Thubutu. Mechi ya kwanza Japan akatupiga nne, mtaani ikawa basi, tumeshajua. Jumamosi Oktoba 15, siku moja baada ya Nyerere Day, Kipa akanipitia na daftari la Baiolojia mkononi ili mama asishtuke. "Tunamcheza Ufaransa." Kufika bandani tulikuta watu saba. Tukawa tisa. Mwenye banda alituangalia akaona haya kutudai.

Tukamfunga Ufaransa 2-1! Wadau, Ufaransa! Nilipiga kelele nikasikia mwangwi wangu mwenyewe kwenye mabati, maana banda lilikuwa tupu. Mpira unaelekea mwisho akaingia fundi baiskeli, amefuata kuchaji simu. Akaangalia matokeo, akaangalia tena. Akaja kukaa benchi letu, pembeni ya Kipa, akauliza, "Mwanangu, hao kweli ni wa kwetu?" Kipa akamjibu, "Wa kwetu, shikamoo." Filimbi ikalia, yule mzee akamkumbatia. Nilimwangalia Kipa usoni nione kitu. Sikuona kitu. Alimpiga piga mgongo tu, kama unavyompiga mtu anayekohoa.

Tatu siku baadaye tukatoka 1-1 na Canada, tukaingia robo fainali, nyuma ya Japan tu. Ufaransa na Canada wakafunga mizigo.

Robo fainali ilikuwa Jumamosi Oktoba 22, na Colombia. Ila Jumapili yake ilikuwa Simba na Yanga. Mnaona mambo hayo? Mpanda nzima ilikuwa rangi mbili, hakuna aliyekuwa na habari ya India. Tulikuwa watu kama kumi na tano, na kipindi cha kwanza hakijaisha vijana wakaanza kumsumbua mwenye banda awawekee Liverpool na Nottingham Forest. Kipa akasimama. Mtu ambaye hajawahi kugombana hata na kunguru. Akasema, "Hii ni timu ya kwetu, haitolewi." Pakawa na ukimya. Mwenye banda akaiacha.

Tukafungwa tatu bila. Safari hii hakuna aliyelia na hakuna aliyemsema mtu. Kesho yake banda lilifurika mpaka nje, derby ikaisha 1-1, watu wakabishana wiki nzima.

Kipa hakuendelea na kidato cha tano. Anadaka timu ya mtaani kwao na ana bodaboda ya mkopo, anapiga njia ya Katumba na mjini. Baada ya ubishi wa juzi nilimwandikia meseji ndefu, kwamba siku ile 2019 na mimi nilicheka, na kwamba najua alisikia. Nikaifuta. Nikaandika upya fupi zaidi, nikaituma saa sita usiku kabla akili haijanirudi.

Amejibu leo asubuhi: "Nakumbuka. We ndo ulilipa kiingilio siku ile, mia tatu yangu ilikuwa imedondoka." Halafu nyingine: "2027 tukienda Dar nauli nusu kwa nusu, usianze visingizio vya bumu."

Nauli ya Mpanda mpaka Dar mnaijua wenyewe. Nimeanza kuweka. Haya, naingia practical ya nyuki, tutaonana.