Shilingi 350 za Modemu ya Baba

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Kazi za watu zimenibana, na kila nilipoketi kuandika, kulikuwa na mteja fulani anayengoja programu yake. Lakini leo lazima niandike, kwa sababu nimefunzwa adabu katika fani ileile niliyoisomea miaka minne chuoni.

Haya, tuanze. Wazazi wangu wanaishi Nakuru. Baba ni mwalimu mstaafu, wale walimu wa zamani wanaotoboa kila risiti na kuipanga kwenye faili kwa tarehe. Desemba iliyopita nilipokuwa nyumbani nilikuwa natafuta risiti ya maji, nikafungua faili ya intaneti kwa bahati mbaya. Kila ankara ilikuwa na mistari miwili: ada ya mwezi, na chini yake "Kodi ya kifaa: Sh. 350".

Nikahesabu ankara. Zilikuwa 50. Mia tatu hamsini mara hamsini ni shilingi 17,500! Na kifaa chenyewe ni kile kisanduku cheupe chenye antena mbili kilicho juu ya kabati la vyombo. Luthuli Avenue, Nairobi, ningepata ruta nzuri kuliko hiyo kwa shilingi 5,600. Ukigawanya kwa 350 unapata miezi 16. Yaani Baba alikuwa amemaliza kuinunua mara tatu na bado haikuwa yake.

"Baba, unajua unalipia kodi hiki kidude?"

"Najua kusoma, kijana wangu," akanijibu bila kuinua macho kwenye gazeti.

Hapo ningeuliza swali la pili. Sikuuliza. Nilirudi Nairobi, nikanunua ruta, na wikendi iliyofuata nikapanda matatu kurudi Nakuru kumwokoa mzee wangu.

Kabla sijaendelea, wacha nieleze kidogo, maana wengi huniuliza tofauti ya modemu na ruta. Fikiria maji ya mjini. Langoni kuna mita ya kampuni ya maji: pale ndipo bomba lao linapokutana na nyumba yako. Kutoka hapo kuna mabomba yako mwenyewe yanayopeleka maji jikoni na bafuni. Modemu ndiyo mita: inapokea mawimbi ya kampuni, yawe ya mwanga, ya umeme au ya redio, na kuyageuza kuwa lugha ambayo tarakilishi yako inaielewa. Ruta ndiyo mabomba ya ndani: inagawa intaneti kwa simu, runinga na tarakilishi, inatoa waifai, na inazuia wageni wa nje wasiingie ovyo. Kampuni nyingi huweka kazi zote mbili ndani ya kisanduku kimoja, ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja.

Sasa, je, unaweza kuweka vyako? Inategemea intaneti yako inafikaje.

Kama ni ya laini ya simu, yaani 4G au 5G, kazi ni rahisi: unanunua ruta inayokubali laini, unachomeka, unaendelea. Ila hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja, na uulize kama kifurushi chako kinaruhusu laini ihamishwe.

Kama ni ya kebo ya shaba kama ile ya runinga, modemu lazima ifuate kiwango cha DOCSIS, na kampuni lazima iisajili kwa nambari yake kabla haijafanya kazi.

Kama ni faiba, kama kwa Baba, mambo ni tofauti kidogo. Kisanduku cha faiba huitwa ONT. Katika mfumo wa GPON, uzi mmoja wa kioo hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, na zote hugawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Ili nyumba hizo zisipigiane kelele, kila ONT hutuma data kwa zamu yake, na zamu hutolewa na mtambo wa kampuni kwa ONT inazozitambua. Ukinunua yako dukani na kuichomeka bila kusajiliwa, hutapata kitu. Kwa hivyo kwenye faiba njia ya kawaida ni hii: ONT inabaki ya kampuni, lakini inawekwa katika hali ya daraja, yaani inapitisha data tu bila kufanya kazi ya ruta, halafu ruta yako ndiyo inayoingia kwenye mtandao.

Yote hayo niliyajua. Naam, niliyajua vizuri kabisa! Sasa sikia nilichofanya.

Ilikuwa Jumapili saa saba mchana, tumetoka kanisani. Nikajiambia hii ni kazi ya dakika kumi. Nilitaka kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa kisanduku cha zamani nikaweke hali ya daraja, lakini nywila iliyoandikwa chini yake ilikataa. Badala ya kupiga simu kuuliza, nilichukua pini ya Mama ya kushonea, nikaiingiza kwenye kile kitundu cha nyuma, nikahesabu hadi kumi. Kisanduku kikazima, kikawaka, kikarudi kama kilivyotoka kiwandani.

Nilikuwa nimefuta jina na nywila ya PPPoE. Kwa wasiojua, kampuni nyingi hazikupi intaneti kwa sababu tu waya umefika. Ruta lazima ijitambulishe kwa jina na nywila yake, kama mtu anavyopiga hodi na kujitaja. Jina lile liliwekwa na fundi siku ya kwanza na halikuandikwa popote nyumbani. Taa ya faiba ilikuwa kijani, taa ya intaneti imekufa. Nikachomeka ruta yangu mpya. Nayo haikuwa na jina la kutaja.

Nikapiga simu ya wateja. Baada ya muziki mwingi, dada mmoja mpole akanieleza kwamba nywila hutolewa na kitengo cha ufundi, na kitengo kinafungua Jumatatu saa mbili asubuhi.

Hapo ndipo Mama alipotoka chumbani. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Dada yangu ni muuguzi Uingereza, na ndiye aliyemtumia kitenge kile. Alikuwa na zamu ngumu wiki mbili nzima, na Jumapili ile ndiyo alipata nafasi: saa sita mchana kwao, saa tisa alasiri kwetu. Mama alikivaa ili dada akione.

Nilijaribu kutumia intaneti ya simu yangu. Nyumba yetu iko bondeni, kuta ni za mawe, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Dada alipopiga, picha iliganda kwenye paji la uso wake. Tulisikia "Mama, mko..." halafu kimya. Akajaribu tena mara tatu. Mara ya mwisho tukasikia sauti tu, akisema muda wa mapumziko umekwisha na atapiga tena akipata nafasi. Mama alisema "Haya mwanangu, Mungu akulinde," lakini simu ilikuwa imeshakatika. Akaenda kubadilisha nguo.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Usiku tukiwa tunakunywa chai alisema hivi: "Hizo 350 unazozicheka, mimi nilikuwa nazinunulia Jumapili. Kisanduku kikiharibika nawapigia, wanaleta kingine siku ileile, sitoi hata senti. Kilishaharibika mara mbili. Wewe uko Nairobi. Chako kikiharibika, nampigia nani?"

Wasomaji, sikuwa na jibu. Hesabu yangu ya 17,500 ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa imeacha mstari mmoja. Kodi ile haikuwa ya plastiki na antena peke yake. Ilikuwa pia ya mtu wa kupigiwa simu.

Lakini pia sikukubali kwamba alipe milele. Kule Marekani bunge lilipitisha sheria mwaka 2019 inayozikataza kampuni kumtoza mteja kodi ya kifaa ambacho mteja amejinunulia mwenyewe. Ujerumani tangu Agosti 2016 mteja ana haki ya kuchagua kifaa chake. Maana yake ni kwamba hata huko kwenye mitandao mikubwa watu waliona mistari kama ule wa ankara ya Baba wakauliza maswali.

Jumatatu nikapiga simu tena, safari hii kwa heshima. Fundi aliyekuja ni kijana wa rika langu. Nilipomwambia nilichofanya na pini alicheka, akasema mimi si wa kwanza. Alituletea ONT ndogo isiyo na waifai, ambayo haitozwi kodi, akaisajili, akachukua kisanduku cha zamani, na akatupa risiti ya kukirudisha. (Usikubali kurudisha kifaa bila risiti! Bila karatasi hiyo kodi inaweza kuendelea na huna ushahidi.) Kisha Baba mwenyewe akaandika jina na nywila ya PPPoE kwenye daftari lake, kwa mwandiko wa ubaoni.

Baada ya fundi kuondoka, niliketi na Baba kwa saa mbili na tukafanya haya, nawe uyafanye kama umeamua kununua vyako:

Kwanza, tulibadilisha nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, na kuweka sasisho zijifanye zenyewe. Kifaa kikiwa cha kampuni, wao hukisimamia kutoka mbali. Kikiwa chako, ulinzi ni wako. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia maelfu na maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Pili, tulitoa ruta juu ya kabati la vyombo tukaiweka sebuleni, katikati ya nyumba. Waifai ya 5GHz ina kasi, lakini ukuta wa mawe huichosha haraka, ya 2.4GHz hupenya zaidi ingawa ni ya polepole.

Tatu, tulinunua betri ndogo ya volti 12 ya kushikilia ONT na ruta stima ikipotea. Soma kwanza volti iliyoandikwa kwenye chaja ya kila kifaa, zisipolingana utakiunguza.

Nne, tulibandika karatasi nyuma ya ruta: "Ikikwama: zima zote. Washa ONT. Ngoja taa itulie. Washa ruta." Nilimfanya Baba azime na kuwasha mara tatu mbele yangu, naye akanifanya nikae kimya.

Na tano, niliacha ruta ya akiba kabatini, ile yangu ya zamani, ikiwa tayari na jina na nywila ileile. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu la swali lake. Kikiharibika, anachomoa waya mmoja na kuuchomeka kwenye kingine.

Je, ninakushauri ununue vyako? Kama kwenu kuna mtu wa kushughulika na kifaa, na unakusudia kukaa hapo zaidi ya ile miezi 16 au itakavyokuwa kwa hesabu yako, ndiyo. Kama nyumba ni ya kupanga kwa muda mfupi, au hakuna wa kukisimamia, lipa kodi na usione haya.

Jumapili ya pili baada ya hapo nilikuwa Nairobi. Saa kumi kasoro dada akanitumia picha aliyoinasa kwenye skrini ya simu yake: Mama kwenye kiti cha sebuleni, kitenge chote kinaonekana hadi pindo. Jioni Baba akanipigia. Nikafikiri ananishukuru.

"Stima ilipotea saa nane," akasema. "Nikafuata karatasi. Lakini umeandika 'itulie' bila kusema taa ya rangi gani. Nimesahihisha."

Ukiwa na swali kuhusu ruta yako niandikie, nitakujibu nikipata nafasi. Ila pini za Mama ziache kwenye mkebe wake. Wasalaam.