Bibi anapoona watu wasiokuwepo

Izigo, wilayani Muleba, kama kwingine vijijini Kagera, si ajabu kumkuta bibi akilea wajukuu huku wazazi wakitafuta maisha Bukoba mjini, Mwanza au Dar es Salaam. Macho ya bibi yameanza kufifia. Siku moja anauliza, "Wale watoto waliosimama kwenye migomba ni wa nani?" Hakuna mtu pale. Wajukuu wanaogopa. Mmoja wa majirani anasema karogwa, mwingine anasema akili zimeruka. Bibi akiyasikia hayo, hanyanyui tena mdomo.

Ana sababu ya kunyamaza. Kanda ya Ziwa, vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu.

Madaktari huita hali hii ugonjwa wa Charles Bonnet. Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, Uswisi, aliieleza mwaka 1760. Babu yake, aliyekuwa haoni vizuri, alikuwa akiona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo, na akili zake zilikuwa timamu.

Mtoto wa jicho, presha ya macho au kisukari vikipunguza uwezo wa kuona, ubongo hupata picha chache kutoka kwenye macho. Wakati mwingine hujitengenezea zake. Picha hizo hazina sauti, na mwenyewe hujua, au huelewa akielezwa, kwamba si za kweli.

Ndiyo maana mzazi aliye mbali anapaswa kumwuliza mama yake kwa upole, hata kwa simu: "Mama, kuna vitu unaviona ambavyo wenzako hawavioni?" Akikubali, aambiwe kwamba hajarogwa wala hajapata wazimu. Picha zikija, awashe taa, apepese macho au ayapeleke kulia na kushoto, huenda zikatoweka. Kisha apelekwe akapimwe macho, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Lakini akisikia sauti pia, akiwa na homa, akichanganyikiwa, au mambo hayo yakianza baada ya dawa mpya, awahishwe hospitali.

Wajukuu nao waelezwe mapema kwamba macho ya bibi hayaoni vizuri na ubongo wake unajaza pengo. Mtoto aliyeelewa hivyo hatakimbia. Atamjibu, "Bibi, pale hakuna mtu, ni migomba tu," kisha wataendelea kumenya ndizi.