Corolla Kuukuu Njiani Kwenda Msimbati

Katika pwani ya kusini kabisa ya Tanzania, kati ya mji wa Mtwara na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini, magari madogo ya petroli yaliyoundwa Japani miaka ya 1990 bado yanafanya kazi ya kila siku, na maradhi ya injini zake hutokana na mazingira kama yanavyotokana na umri. Hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu, navyo hula shaba ya nyaya na soketi mpaka ikaota ukungu wa kijani. Mwenye gari naye mara nyingi hupata fedha ya maana katika msimu wa korosho tu, unaoanza mnamo Oktoba, kwa hiyo hitilafu ya Mei hutafutiwa dawa ya bei ya Mei.

Safari inayosimuliwa hapa ilianzia Mtwara mjini kuelekea Msimbati, kijiji kilicho ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Gari lilikuwa Toyota Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, yaani ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,498. Lilipita Mangamba bila kusita, likashika barabara ya Msimbati, ambayo kutoka hapo ina kilomita zipatazo 35. Lilipokaribia Madimba, penye mtambo wa kusafishia gesi asilia ipelekwayo Dar es Salaam kwa bomba, lilianza kumisi, maana yake silinda ziliacha kuchoma mafuta kwa zamu zake, kisha likakata moto. Lilipoachwa lipoe liliwaka kana kwamba halina neno, likaenda mwendo mfupi, likazima tena.

Tabia hiyo ya kuwaka likiwa baridi na kuzima likishapata moto ni ushahidi wa kwanza, nao haununuliwi. Hofu ya dereva ilikuwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, kwa kuwa kuungua kwake humaanisha kufungua injini. Lakini uchunguzi wa awali wa hofu hiyo ni wa macho tu. Injini ikishapoa, vifuniko vya rejeta na oili hufunguliwa, na kama oili haijageuka rangi ya maziwa, maji hayajapungua wala mafuta hayaelei juu yake, gasketi haina sababu ya kushukiwa mwanzo. Vyote vilikuwa safi, na geji ya joto haikuwa imepanda.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiuliza kompyuta ya gari. Marekani ililazimisha magari ya toleo la 1996 na kuendelea yawe na OBD2, mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu kwa mashine, ila Corolla nyingi zilizouzwa ndani ya Japani miaka hiyo, ambazo baadaye zilikuja Afrika Mashariki zikiwa mtumba, hazikufungwa mfumo huo, na mwenye gari anaweza kulipia kipimo akaambiwa mashine haisomi. Njia ya zamani ipo chini ya boneti, katika kisanduku kidogo chenye matundu: waya mfupi ukiunganisha tundu la TE1 na la E1, swichi ikiwa imefunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza, kwanza makumi, kisha mamoja. Ilikonyeza mara moja, ikatulia, ikakonyeza mara nne.

Namba 14 maana yake kompyuta haikupata jibu kutoka kwenye igniti, kifaa kinachokata na kuunganisha umeme wa koili ili plagi zitoe cheche. Ikikosa jibu hilo mara kadhaa mfululizo, kompyuta hufunga mafuta ili petroli isiingie bila kuchomwa, na injini huzima. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu namba hutaja njia ya umeme, haitaji kifaa kilichokufa, na katika njia hiyo zimo nyaya, soketi na pini ambazo pwani huziharibu mapema. Fundi mmoja aliyeulizwa kwa simu alishauri distributa, kifaa kinachogawia plagi umeme wa koili, iagizwe nzima ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Ushauri huo, kwa haki yake, ungeweza hata kuliponya gari, kwa kuwa kuifunga kungelazimu soketi ichomolewe na kuchomekwa upya.

Kijana wa Madimba anayetengeneza pikipiki alifanya jambo la bure: injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka gari likiwa limesimama, alitikisa nyaya moja baada ya nyingine, na alipogusa soketi ya distributa ikazima. Swichi ilipofungwa na soketi kuchomolewa, pini mbili zilionekana za kijani. Alizisugua kwa msasa laini, akazibana zishike vizuri, akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kufuta kumbukumbu ya kompyuta, akarudisha kila kitu. Waya ulipounganishwa tena, taa ilikonyeza mfululizo bila kutulia, ishara kwamba hakuna hitilafu iliyohifadhiwa.

Gari lilifika Msimbati na kustahimili mchanga wa kijiji, ambao huilazimisha injini kuvuta kwa gia ndogo na kupata moto kupita kawaida. Hicho kilikuwa kipimo kikali kuliko barabara yenyewe. Hata hivyo, usafi wa pini haudumu penye chumvi, na soketi hiyo italazimika kufunguliwa tena. Msomaji atakayekwenda huko na gari la umri huo abebe waya mfupi, msasa laini na fyuzi ya akiba, wala asilipie distributa kabla ya kuitikisa soketi yake.