Jino Langu Halikuwa na Makosa

Wasee, leo tuongee kuhusu pengo langu. Liko nyuma, upande wa kushoto, na halikufaa kuwa hapo.

Naishi Ruiru, kazi iko Thika, na usiku nahariri video hadi saa nane. Mwaka jana nikaanza kuamka taya limekaza. Nikitafuna mahindi choma, kando ya sikio kunalia "tak". Maumivu yakapanda hadi kwenye panja. Siku moja kwa matatu, tukipita Juja, shavu likafa ganzi. Konda ananipa chenji, mimi nawaza kiharusi.

Nikaenda kliniki moja. Kabla hata sijaulizwa, nikasema, "Ni hili jino." Likang'olewa. Wiki mbili baadaye jino halipo, uchungu upo.

Daktari wa pili aliniambia nitabasamu, nikunje uso, akanigusa mashavu kwa pamba kuona kama nahisi. Kisha akaweka vidole mbele ya masikio yangu: "Fungua mdomo. Funga." Tak. Kumbe ni kiungo cha taya! Nilikuwa nasaga meno usingizini. Misuli ya taya ikichoka hivyo, maumivu yanaweza kusikika kwenye jino zima kabisa, kwa sababu neva moja ndiyo hubeba hisia za taya, meno na panja.

Tiba yenyewe haikuwa ya ajabu: chakula laini, kitambaa cha moto, kinga ya meno ya kulala nayo. Miwa na chingamu nikaacha. Mchana nikikaa kwa laptopu najikumbusha: midomo ifungwe, lakini meno yasigusane. Sasa naamka vizuri, ingawa "tak" bado inanitembelea.

Maoni yangu ni haya. Sisi huenda kwa daktari tukiwa tumeshajipa hukumu, tunataka tu mtu wa kuitekeleza. Eleza unavyohisi, kisha uliza, "Una uhakika ni hili jino?" Jino la ukubwani likitoka halioti tena.

Na ganzi usiilaumu taya moja kwa moja. Ikija ghafla, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje kesho wala usiniulize mimi kwa komenti. Kimbia hospitali.

Wewe je, umeamka taya likiwaje leo?