Barua kwa Masika: kitambaa cha mwenzako

Musienene, Jumapili jioni

Mwanangu Masika,

Barua yako ya kutoka Beni nimeipata, na nimeshukuru kusikia kwamba masomo yanaendelea. Lakini kuna neno moja limeninyima usingizi. Umeniandikia kwamba ulimwomba mwenzako wa chumba avue hijabu kila anapoingia uani, kwa kuwa majirani wanamwita "ADF", jina la wale waasi wanaoua kwa jina la Uislamu, na mwenye nyumba ameanza kunung'unika. Unasema ulitaka amani tu.

Hofu hiyo naijua. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika bila kupumzika, na sasa vifo vimefika hadi Lubero yetu. Simlaumu mama anayeshtuka usiku. Lakini uliza hapo mjini habari za Sheikh Ali Amini. Alilipinga kundi hilo hadharani. Tarehe 1 Mei 2021 alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni, watu wakiwa katika sala ya jioni. Kabla mwezi huo haujaisha, sheikh mwingine akauawa Mavivi. Waislamu wa Beni nao wamezika, Masika. Anayemwita rafiki yako jina la wauaji anamwongezea msiba juu ya msiba.

Tena wewe umefundishwa katekisimu hapa Musienene, kwa hiyo Isidore Bakanja unamfahamu. Alikuwa kijana wa kazi za nyumbani kwenye kampuni ya Wabelgiji kule Ikweta. Shingoni alivaa skapulari, vile vitambaa viwili vidogo vya Bikira Maria. Msimamizi mzungu akamwamuru aivue, naye akakataa. Akachapwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari, mgongo ukaoza kwa miezi, na tarehe 15 Agosti 1909 akafa akiwa amemsamehe aliyemchapa. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mwenye heri. Sisi tunamwomba atuombee, mtu aliyekufa kwa kukataa kuvua kitambaa! Kisha tusimame mlangoni tumwambie binti wa watu: vua?

Masista wanapita barabara yetu kila asubuhi wamefunika vichwa, na sijaona mtoto akiwakimbia.

Mimi mwenyewe nimeishi chini ya amri ya mavazi. Mwaka 1972 nilikuwa msichana wa umri wako. Serikali ya Mobutu ilitunyang'anya majina ya ubatizo. Suti na tai zikakatazwa, wanaume wakavaa koti la abacost, na sisi wanawake suruali ikawa marufuku. Kadinali Malula alipopinga, alinyang'anywa makazi yake, akaishi Roma kwa miezi. Mimi kikwembe nakipenda, hadi leo ndicho ninachovaa kwenda misa. Siku zile, hata hivyo, kilinilemea mwilini, maana niliogopa kuonekana bila hicho. Sitaki binti yeyote aliye karibu nawe aonje hofu hiyo. Hata Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake mbele ya watu.

Akiamua mwenyewe kuivua njiani kwa usalama wake, hilo ni shauri lake na Mungu wake, wala usimcheke. Akiamua kuivaa, tembea naye hadi sokoni, wakuone. Kwa mwenye nyumba usipeleke maneno makali. Yeye ni mzazi na ana woga wa mzazi. Nendeni wote wawili mkamsalimie, mkae, ajue binti huyo ni mtoto wa nani na nyumbani kwao ni wapi. Sidhani kama amewahi kumwuliza.

Lakini kwanza mwombe rafiki yako msamaha, leo kabla hamjalala.

Likizo ya Pasaka njoo naye. Maharage yapo na sombe ipo. Kuku nitamwacha hai hadi mfike, rafiki yako aseme mwenyewe achinjwe vipi.

Shangazi yako